Nipe Mji

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali ya misheni hapa Mchukwi, katikati ya Aprili 2024, muuguzi alinihesabia makatazo kwa vidole. Nisinyanyue ndoo. Nisitwange. Nisiiname mbele ya mafiga. Nisipande pikipiki. Nisibebe mtoto. Makatazo hayo yangedumu wiki 6. Niliyakubali yote kwa kutikisa kichwa, maana siku zile nilikuwa naogopa hata kukohoa, na huku nikimtazama mhusika wa katazo la mwisho akijaribu kupanda kiti cha magurudumu kilichoachwa barazani. Ana miaka 5. Yeye hakuna aliyemhesabia makatazo.

Nilikuwa nimetolewa kizazi. Kwa miaka 3 uvimbe ulininywa damu hadi nikawa siwezi kumaliza kipindi kimoja ubaoni bila kuketi, nami ni mwalimu wa Kiswahili, kazi yangu ni kusimama na kusema. Daktari alinieleza kwa upole, nikaelewa, nikatia saini. Lakini neno lenyewe lilinikaa vibaya tangu alipolitamka. Kizazi ni kiungo cha mwili. Kizazi pia ni watu, kile cha mababu na kile kijacho. Anayeambiwa atatolewa kizazi huyasikia yote mawili kwa pamoja, hata kama msemaji amekusudia moja. Niliazimia lisitamkwe nyumbani. Mwanangu aliambiwa kwamba mama alikuwa na kidonda tumboni, madaktari wamekishona, basi.

Lugha yetu haina uhaba wa majina ya mtoto wa aina yake. Kuna mtundu, ambaye ndani ya jina lake mna sifa iliyojificha, kwa kuwa fundi hodari naye huitwa mtundu. Kuna mtukutu, ambaye hatulii wala hasikii, na katika jina hilo hamna sifa yoyote. Kuna machachari, neno ambalo watangazaji wa mpira wamelichukua na kumpa mshambuliaji asiyekabika. Kabla ya upasuaji mimi nilimwita mwanangu mtundu, na mama yangu, ambaye ndiye hukimbia nyuma yake ninapokuwa shuleni, alimwita mtukutu. Tulibishana sana juu ya jambo hili, mimi nikileta hoja za kamusi, yeye akileta vikombe vilivyovunjika. Wiki ya kwanza ya kulala chali nilihamia upande wake. Nikagundua kwamba uamuzi kati ya maneno hayo mawili hautegemei mtoto hata kidogo. Unategemea kama msemaji anaweza kukimbia.

Mvua zilikuwa hazikatiki. Masika ya mwaka ule wenyeji wa Rufiji na Kibiti hawatayasahau upesi, na nitayarudia. Nje, shimo la taka lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni. Mikorosho iliyozunguka nyumba ilikuwa inateleza, nayo ndiyo aliyoipenda kuipanda. Barabara ya kwenda kusini haiko mbali, na malori yake hayajui kupunguza mwendo. Mama yangu hana mikono zaidi ya miwili, na yote ilikuwa jikoni, au kisimani, au mgongoni kwangu akinisaidia kugeuka. Baba yake mtoto alikuwa amekwisha kurudi Lindi kazini. Kwa hiyo palikuwa na kitanda kimoja, mimi juu yake, na mtoto ambaye ilibidi abaki ndani ya mipaka ya sauti yangu. Mkono wangu haukumfikia. Kitu pekee kilichomfikia ni maneno.

Simu ilimshika siku mbili, kisha umeme ukakatika, na chaji nayo ikaisha. Niliona afadhali, ingawa siku ile sikusema hivyo. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaning'iniza miguu, akaipiga ubaoni, du, du, du, na kila pigo likapita katika godoro likaja kunigonga penye mshono.

"Mama," akasema, "ningekuwa na mdogo wangu wa kucheza naye, nisingekusumbua."

Nilimwambia ashuke, asimame katikati ya chumba.

Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wa kwanza. Sikuupanga. Nilikuwa tu na haja ya kumtoa kitandani, na haja ya kuitumia ile nguvu iliyokuwa miguuni mwake kabla haijaamua yenyewe pa kwenda. Nikamwambia: mama atasema maneno, nawe utaruka mara moja kwa kila mizani. Nane kwenda hadi ukutani, nane kurudi. Mwisho wa mstari unasimama kama mlingoti. Wasomaji wangu mnaoandika tarbia mmekwisha kuona ilikotoka hesabu hiyo: ukwapi ulikuwa safari ya kwenda, utao safari ya kurudi. Siku ya kwanza nilimtungia ubeti huu, na siuleti hapa kwa kuwa ni mzuri:

Ruka mwanangu uruke, ukuta uufikie,
Kitandani nisicheke, mshono nisiumie,
Hatua zihesabike, nane ndipo utulie,
Usiku nao ufike, nami nikusimulie.

Aliruka ubeti huo mara kumi na tatu. Najua idadi kwa sababu mama alikuwa akihesabu jikoni kwa mshindo, akaja mlangoni kuuliza kama nyumba inabomolewa.

Mzozo ulizuka mstari wa pili, penye neno mshono. Alisimama mguu mmoja hewani.

"M nayo niruke?"

Nimefundisha mizani kwa miaka 11. Nimewaambia wanafunzi mamia kwamba m inayosimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabiwa kuwa silabi kamili, nao wameandika daftarini, wamekariri, wamefaulu, wamesahau. Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyehitaji jibu ili ajue pa kuweka mguu. Nikamwambia aruke. Akaruka, ila kwa m akaruka kidogo, karibu asiguse juu, kisha sho na no akazipiga kwa nguvu zote. Nikataka kumsahihisha, kisha nikatamka mshono polepole mdomoni mwangu, nikaona yeye ndiye aliye sahihi zaidi. M ni mizani kamili, lakini si mizani nzito.

Tangu hapo tulipima kila kitu. Mtoto, tatu. Dirisha, tatu. Hospitali, tano. Alipogundua kwamba mbu ana mizani mbili na mbuzi naye ana mizani mbili, alikasirika kwa niaba ya mbuzi. Mnyama mzima mwenye pembe na ndevu, asawazishwe na mbu? Nilijaribu kumweleza kwamba katika mbu ile m husimama peke yake kwa kuwa neno ni fupi mno, na katika mbuzi huegemea b na kumezwa nayo. Hakuridhika. Tukakubaliana kwamba mbuzi ataruka mbili ndefu.

Mchezo wa pili tuliurithi. Mama yangu alizaliwa kwenye visiwa vya delta, huko ambako ardhi na bahari hazijawahi kuelewana mpaka uko wapi, na utotoni mwake walizungumza kinyume mbele ya wakubwa. Wengi wenu mnakijua: silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzoni. Ni mchezo wa kale wa pwani. Askofu Edward Steere, alipochapisha mwaka 1870 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, aliona kinyume kinastahili kutajwa humo. Mama yangu hamjui Steere. Aliingia tu jioni moja na bakuli akasema, "Jiu," nami nikajua kuwa ni uji.

Mtoto alikishika kwa siku tatu. Dawa ikawa wada. Kibiti ikawa Tikibi. Mchukwi ikawa Kwimchu, jina ambalo lilimchekesha hadi akajiviringisha sakafuni, nami nikabana mto tumboni kwa mikono miwili, kwani hakuna maumivu yanayofanana na kicheko juu ya nyuzi mbichi. Baadaye akaanza utafiti wake mwenyewe. Alinijia usiku, taa ikiwa imezimwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa:

"Mama haigeuki."

Nikamuuliza kivipi. Akasema amejaribu kugeuza mama, inatoka mama. Baba inatoka baba. Bibi inatoka bibi. Dada, kaka, vivyo hivyo. Nilikaa kimya gizani nikiyageuza maneno hayo mimi mwenyewe, mtu mzima na shahada yangu, nikihakikisha. Ni babu peke yake anayegeuka, akawa buba, nayo buba ni maradhi ya ngozi. Sikumwambia, kwa kuwa babu yake ni marehemu na tulikuwa tunakwenda kulala.

Faida kubwa ya kinyume ilionekana wageni walipoanza kuja. Huku kwetu mgonjwa hana mlango. Wanawake waliingia na unga, na mayai, na ndizi, na pole, wakaketi mkekani saa nzima, nami nawashukuru wote kwa dhati, kwani bila wao tungelala njaa. Lakini mgonjwa huchoka kabla ya mgeni. Mwanangu aliliona hilo kabla yangu. Katikati ya mazungumzo alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye michezo yake na kuuliza kwa utulivu, "Makinau?" Ndiyo kusema, kinauma? Nami nikajibu "Mihakiu," hakiumi, hata siku ambazo kilikuwa kinauma. Siku moja nilichelewa kujibu. Akamtazama mama mmoja aliyekuwa akisimulia upasuaji wa shangazi yake, ulioishia vibaya, akatangaza, "Nimge keaondo!" Mgeni aondoke. Mama yule alivutiwa sana, akamuuliza mama yangu kama mtoto ameanza kusomeshwa Kiarabu.

Usiku nililipa deni la ubeti wangu: nami nikusimulie. Alitaka kujua jambo moja tu, nalo ni nini kilinitokea mle chumba cha upasuaji. Nikamwambia nilipewa nusukaputi. Akaniuliza, nusu ya nini? Wajuzi wa asili za maneno husema kwamba kaputi hiyo ni ya Kijerumani, kilichoharibika, kilichokwisha. Kwa hiyo nusukaputi ni kufikishwa nusu ya njia ya kwisha, kisha kurudishwa. Sina uthubutu wa kumwambia mtoto kwamba mama yake alifikishwa nusu ya njia hiyo. Nikakimbilia meli.

Kila mtoto wa Rufiji anastahili kusimuliwa meli ile. Nilimwambia jinsi manowari ya Kijerumani, jina lake Königsberg, ilivyoizamisha manowari ya Waingereza mbele ya Unguja mwezi Septemba 1914, kisha ikaja kujificha humu humu mwetu, ndani ya mikono ya Mto Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi. Nilimwambia ilivyokaa miezi, Waingereza wakiizibia milango ya mto, mpaka walipoleta merikebu mbili zenye matumbo bapa, Severn na Mersey, zikapanda mto na kuipiga, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ilipokuwa haifai tena. Nilimwambia kwamba mizinga yake 10 ilitolewa majini ikaburutwa nchi kavu kwenda kupigana vita vingine. Nilirefusha. Niliongeza mamba, ambao sina ushahidi nao katika kisa hicho ila mto ni wao. Alisikiliza bila kupiga mateke, na kwa kipimo chake hiyo ni heshima kubwa.

Mwisho akasema, "Basi ile meli ilikuwa kaputi nzima."

"Nzima," nikasema.

"Na wewe nusu."

Nikamwambia alale.

Sasa vitendawili. Nimeviacha nyuma kwa sababu ndivyo vilivyochukua siku nyingi zaidi, na kwa sababu sikujua vinanipeleka wapi. Utaratibu mnaufahamu: mmoja husema kitendawili, mwenzake hujibu tega, na akishindwa kufumbua huambiwa, nipe mji. Hutoa mji, na mshindi huufurahia kwa maneno, nilikwenda huko nikala hiki na kile, kisha ndipo anapotoa jibu. Nimewafundisha wanafunzi sharti hilo kama pambo la fasihi simulizi, kipengele (c) cha swali la 4. Kitandani nililiona upya. Ni malipo ya mtu asiye na kitu. Mgonjwa hana pesa, hana nguvu, hana hata uwezo wa kumpa mtoto safari ya dukani, lakini anaweza kumpa Ikwiriri yote, na daraja la Mkapa juu yake.

Alishinda kwa hila. Vitendawili vyake alivitunga papo hapo, na jibu alikuwa akilijua yeye peke yake. "Kipo chini ya kitanda, kinakuogopa." Kandambili moja, ile ya kushoto. "Kinasema usiku, mchana kimekufa." Nikasema chura, nikasema bundi, nikasema mbu. Ilikuwa bati, likipigwa na mvua. Nikamwambia mvua hunyesha mchana pia. Akasema mchana hasikii kwa sababu anacheza. "Kinacheka huku kinalia." Hicho nilikifumbua, lakini kwa hasira ya kushindwa mara nyingi nilinyamaza, nikampa Bungu, akapokea kwa adabu, akasimulia alivyokula nanasi huko, kisha akaninyoshea kidole.

Vya kwangu alivifumbua kwa urahisi unaoudhi. Kimoja tu kilimshinda: niliingia naongea, nikatoka nimebebwa, sikufa wala sikulala. Alinipa Nyamisati kwa uchungu, kwani anajua kuwa ndiko vinakopandwa vyombo vya kwenda Mafia, na kesho yake aliirudisha kwa ujanja.

Hesabu aliiweka kwa korosho. Alipanga mbegu mbichi dirishani, kila mbegu mji mmoja, naye aliijua kila moja kwa umbo lake. Kwangu zilifanana zote. Hadi wiki ya tatu alikuwa na Utete, Ikwiriri, Bungu, Jaribu, Mkuranga, Kilwa mbili, Masoko na Kivinje, na Lindi, aliko baba yake. Na alikuwa na Muhoro.

Muhoro nilimpa siku ambayo redio ya jirani ilikuwa ikisema habari za mafuriko. Mto ulikuwa umetoka mahali pake, mashamba ya mpunga na mahindi yamefunikwa, watu wamehamishwa wakiwa na magodoro vichwani. Mama yangu ana ndugu huko. Aliacha kupika akaenda kusimama karibu na ukuta wa jirani, asikie vizuri. Sikufikiri. Nilishindwa kitendawili, nikatoa jina lililokuwa masikioni. Mwanangu aliichukua mbegu, kisha akaitazama.

"Muhoro umezama," akasema. "Bibi amesema. Nipe mwingine."

Nikamwambia mji ni mji. Akasema hawezi kwenda kula kitu mahali palipojaa maji. Tulibishana kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mzima kubishana, mimi nikitetea haki ya Muhoro kuhesabiwa, na nikaona kwamba sauti yangu inatetemeka. Nikampa Mkuranga juu yake. Muhoro aliiweka dirishani, lakini kando, mbali na nyingine.

Mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Upepo wenyewe kwetu ulikuwa wa kutisha zaidi ya kubomoa, lakini mvua yake ilikata barabara huko Somanga, wilayani Kilwa, na baba yake mtoto aliyekuwa aje Jumamosi akabaki upande wa pili. Malori yakanyamaza. Kwa siku kadhaa nililala bila kusikiliza barabara, na huo ndio wema pekee ninaoujua wa kimbunga.

Katika siku hizo za ukimya alikuja kunijulia hali bibi mmoja wa kijiji, wa rika la mama yangu, mtu ninayempenda. Mwanangu alimwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akarudi kwenye korosho zake. Bibi alinishika mkono, akaniombea dua, akanisifu kwamba rangi imeanza kurudi usoni. Kisha akamgeukia mama yangu, akashusha sauti kama inavyoshushwa sauti mbele ya mtoto, yaani si sana, akasema:

"Maskini mwanangu. Na mji wameshautoa."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Ni neno la watu wa zamani, nasi tunaliua taratibu. Vitabu vya shule husema mfuko wa uzazi. Hospitalini husema kizazi. Wazee husema mji wa mimba, au mji peke yake, na anayewasikiliza huelewa. Nilikuwa nimejilinda dhidi ya neno kizazi kwa wiki tatu, nikaweka walinzi katika kila mlango, na hili likapita dirishani.

Alisubiri mgeni aondoke. Hakutumia kinyume. Alikuja akasimama upande wa kichwa changu, ule ambao hausukumi tumbo.

"Mama, mji wako umempa nani?"

Nilijifanya sijaelewa. Akarudia. Alitaka kujua ni nani alinishinda kitendawili yeye akiwa hayupo.

"Daktari," nikasema.

"Alitega nini?"

Ningeweza kumfukuza aende kwa bibi yake. Nilimtazama, nikaona anauliza swali la mchezaji, na mchezaji hujibiwa.

"Alitega: kinakua tumboni kama mtoto, na si mtoto."

Akafikiri. Akajaribu ugali. Akajaribu minyoo. Nikamwambia hapana, ni uvimbe.

"Wewe hukujua?"

"Sikujua. Kwa miaka mitatu sikujua."

"Ukampa mji."

"Nikampa."

"Mji gani?"

Mama yangu alikuwa mlangoni na ufagio, ameacha kufagia.

"Ule uliokaa wewe kabla hujaja hapa."

"Mimi nimekaa Mchukwi tu."

"Kabla ya Mchukwi. Ulikaa miezi tisa. Ulikuwa mji mdogo, ulikuwa peke yako, na ulikuwa ukipiga mateke kuta zake usiku kucha."

Hilo aliliamini mara moja, na likampendeza. Alitaka kujua zaidi: kulikuwa na mto? Kulikuwa na maji, nikasema, mengi. Kulikuwa na mikorosho? Hapana. Alikula nini huko? Nilichokula mimi. Alinitazama kwa mashaka kidogo, kama mtu anayesikia kwamba safari aliyoisahau ilikuwa na chakula. Kisha akauliza, na nilijua kwamba atauliza:

"Mtu mwingine anaweza kwenda kukaa?"

"Hapana, mwanangu."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo."

Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alinikumbatia, lakini hakufanya hivyo, na pengine alikumbuka kuwa amekatazwa. Alikwenda dirishani. Alikaa huko muda, akizisogeza mbegu, akizihesabu kwa kuruka kidogo kidogo mahali alipo, Utete, tatu, Ikwiriri, nne. Nilidhani amekwisha kusahau, na nikawa nashukuru na kuumia kwa pamoja. Kisha akarudi, akaufungua mkono wangu, akaniwekea mbegu moja kiganjani, akanifunga vidole.

"Huyu hana mji," akamwambia bibi yake, kwa kunieleza. Nami akaniambia, "Chukua Muhoro."

"Muhoro umejaa maji," nikasema.

"Maji yataondoka."

Nilimwomba anipe Nyamisati, penye bahari na vyombo. Akasema Nyamisati hautoki.